Kivinjari gani kwa bando la elfu moja?

Machi 29, 2022 Google ilitoa toleo la 100 la Chrome, na katika toleo hilo ikaondoa hali nyepesi, sehemu ya programu iliyokuwa ikibana kurasa kabla hazijafika kwenye simu ili zitumie data kidogo. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi na kwamba Chrome yenyewe imeboreshwa ili itumie data kidogo. Huenda mambo yalionekana hivyo kutoka California. Kwa mtu wa Mbagala Rangi Tatu anayenunua bando la siku kwa shilingi elfu moja asubuhi akiwa kituoni, akitegemea limfikishe jioni, bei ya data bado ni hesabu ya kila siku. Kivinjari kilichokuwa kikimsaidia kwenye hesabu hiyo kiliacha kumsaidia, na wengi hawakujua.

Makala nyingi za kulinganisha vivinjari hupima mbio: ukurasa umefunguka ndani ya sekunde ngapi kwenye kompyuta mpya iliyounganishwa na intaneti ya waya. Kipimo hicho kina faida ndogo Tandika, Chamazi, Tegeta au Bunju, ambako simu nyingi ni Tecno, itel, Infinix au Samsung za bei nafuu, na kompyuta inayotumika kwa shughuli nzito mara nyingi ni ya steshenari, tena imeshapita mikononi mwa watu wengi. Vivinjari vyote vinavyojadiliwa hapa hupatikana bure. Mtumiaji hulipa kwa njia nyingine: bando, siri zake, au muda anaoupoteza fomu inapofutika kabla hajaimaliza. Ndiyo maana kutafuta kivinjari kimoja kilicho bora kuliko vyote ni kazi isiyo na tija. Mtu anahitaji viwili, na ajue kipi ni cha kusomea na kipi ni cha mambo yenye neno la siri.

Cha kusomea, kwa wengi, bado ni Opera Mini. Programu hii ilianzia Norway mwaka 2005 kwa ajili ya simu za Java, na Januari 2006 ikafunguliwa kwa dunia nzima. Waliokuwa vyuoni miaka ile wanaikumbuka kwenye Nokia za vitufe, kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, wakati intaneti ya nchi ilipokuwa ikitegemea setilaiti na kila KB ilikuwa na bei yake. Simu zimebadilika sana tangu hapo, lakini wazo lake limebaki lilelile. Mtumiaji anapobofya kiungo, simu haiendi moja kwa moja kwenye tovuti. Ombi hupelekwa kwenye seva za Opera, na seva hizo ndizo zinazofungua ukurasa, zinapunguza ukubwa wa picha, zinaacha yasiyo ya lazima, kisha zinakunja kilichobaki na kukituma kikiwa kidogo. Opera yenyewe inadai kwamba kiwango cha juu cha ubanaji kinaweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data. Kwa vipimo vya HTTP Archive, mradi unaofuatilia uzito wa kurasa duniani, ukurasa wa kawaida kwenye simu unazidi MB 2. Hata kama dai la Opera litatimia nusu tu, msomaji wa habari na mfuatiliaji wa matokeo ya Simba na Yanga atauona utofauti kabla ya saa sita mchana.

Aina ya ukurasa nayo ina uzito wake. Matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, yapo kwenye kurasa za maandishi na majedwali matupu, na hufunguka kwenye karibu kila kivinjari na kila simu yenye intaneti. Kurasa za magazeti zenye matangazo ya video zinazojicheza zenyewe ni jambo jingine, na hapo ndipo Opera Mini inapoonyesha thamani yake.

Ila msaada huo una gharama. Seva za Opera haziwezi kubana ukurasa zisiouona, kwa hiyo katika hali ya ubanaji wa juu kabisa hata ukurasa uliofungwa kwa usimbaji wa https hufunguliwa kwenye seva hizo kabla ya kutumwa kwenye simu. Opera haijalificha jambo hilo. Ni sawa na kumtuma mtu benki ukiwa umempa kadi na namba ya siri: anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini siri imeshatoka mikononi mwako. Tena kampuni yenyewe imebadilika. Mwaka 2016 vivinjari vya Opera viliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China, na mwaka 2018 kampuni ikaingia kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani. Hakuna ubaya katika hilo peke yake. Ila mtu anayeandika neno la siri la akaunti yake ya benki ndani ya hali hiyo ya ubanaji ana haki ya kujua kwamba kuna mtu wa tatu katikati.

Kuna pia tatizo la kiufundi. Katika hali hiyo ya juu, programu ndogondogo zinazouendesha ukurasa hufanyiwa kazi kwenye seva kwa muda mfupi tu, kisha ukurasa hugandishwa na kutumwa. Fomu ya Bodi ya Mikopo, HESLB, inayotaka mwombaji apakie nyaraka, au Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira inayotaka vyeti, ni kurasa zinazoishi kwa programu hizo. Kitufe kinabonyezwa, hakijibu, na mwombaji anadhani mtandao wa Bodi umelemewa. Kabla ya kulaumu tovuti, ni vizuri kwanza kuangalia kivinjari kilichotumika. Opera Mini ina kiwango kingine cha ubanaji kilicho hafifu zaidi, kinachotumia injini ya Android yenyewe na kinachoziacha kurasa za namna hii zifanye kazi. Kinapatikana kwenye mipangilio ya kuokoa data, na watu wachache hukigusa.

Kwenye simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, kivinjari cha Phoenix huja kikiwa kimeshawekwa. Wengi wanakipenda kwa sababu moja inayoeleweka kabisa: kinahifadhi video na picha za status za WhatsApp. Kinachokera ni arifa zake, habari za udaku na matangazo yanayojitokeza kwenye skrini mchana kutwa, kila moja ikila kidogo kwenye bando. Zinazimwa kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, kisha arifa. Kwa wapenda historia, jina Phoenix ndilo lililokuwa jina la kwanza la Firefox mwaka 2002, kabla halijabadilishwa. Mbali na jina, hakuna uhusiano wowote.

UC Browser, iliyowahi kutamba Afrika Mashariki, haipendekezwi hapa. Mei 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba matoleo yake ya Android yalikuwa yakituma taarifa za mtumiaji, zikiwemo namba za utambulisho wa simu na laini na mahali alipo, bila ulinzi wa kutosha. Kampuni yake ilisema ilirekebisha. Lakini kivinjari ni programu inayoona kila kitu, na kukiamini tena baada ya hapo kunahitaji sababu nzuri, ambayo hadi sasa haionekani.

Njia iliyo bora zaidi ya kuokoa data haizungumzwi sana mitaani. Sehemu kubwa ya uzito wa ukurasa wa habari si habari. Ni matangazo na vifuatiliaji vinavyomfuata msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kivinjari kinachovizuia kabla havijapakuliwa huokoa bando bila kumpitisha mtu kwenye seva ya mtu mwingine. Tangu Desemba 2023 Firefox ya Android imefungua mlango kwa viendelezi vingi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, na uBlock Origin, kizuia matangazo cha bure kinachoheshimika kuliko vingine, kinawekwa kwa kubofya mara chache. Chrome ya simu haina viendelezi kabisa. Chrome ya kompyuta inavyo, lakini mabadiliko ya kanuni zake yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 yameifanya uBlock Origin kamili isifanye kazi humo, na mtumiaji amebakiziwa toleo lililopunguzwa nguvu.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Google huishi kwa matangazo. Agosti 5, 2024 jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria kwa kuhodhi soko la utafutaji, na Septemba 2025 huyohuyo akakataa ombi la serikali ya Marekani la kuilazimisha iiuze Chrome. Kesi hiyo inaonekana ya mbali, lakini inamgusa mtu wa Kijichi moja kwa moja, kwa kuwa kivinjari anachotumia ni mali ya kampuni ambayo haina faida katika kumpunguzia matangazo. Mozilla, taasisi iliyo nyuma ya Firefox, nayo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google, inayolipa ili iwe injini ya utafutaji iliyotangulizwa ndani ya Firefox. Kwa hiyo hakuna aliye huru kabisa. Hata hivyo, kinachopimwa hapa ni kile ambacho programu inamruhusu mtumiaji kufanya, na kwa kipimo hicho Firefox iko mbele. Asiyetaka kuhangaika na viendelezi anaweza kutumia Brave, iliyojengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, na ambayo huzuia matangazo tangu siku ya kwanza.

Sasa Chrome yenyewe. Haipaswi kudharauliwa. Ndiyo inayokuja na simu nyingi za Android, tovuti za serikali na za benki hujaribiwa kwayo kwanza, ina Kiswahili, na masasisho yake ya usalama hutoka mfululizo. Kwa fomu na malipo ni chaguo salama. Udhaifu wake mkubwa kwenye simu ndogo ni njaa ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kifaa, na sehemu ya njaa hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Baada ya udhaifu wa Spectre wa vichakataji kutangazwa mwaka 2018, Chrome ilianza kuzitenga tovuti, kwenye simu hasa zile zenye neno la siri, kila moja kwenye chumba chake ndani ya kumbukumbu hiyo, ili tovuti moja isichungulie ya nyingine. Usalama umeongezeka, na kumbukumbu inayotumika imeongezeka pia.

Kwenye simu ya RAM ya GB 2, jambo hilo huonekana kwa namna ambayo kila aliyewahi kujaza fomu kwa simu anaijua. Mtu amejaza jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, anwani, shule aliyosoma. Tovuti inasema imetuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Anatoka kwenye kivinjari, anafungua ujumbe, anaikariri namba, anarudi. Ukurasa umeanza upya, mweupe, na kila kitu kimefutika. Android, ikikosa nafasi, imekiua kivinjari mara tu mwenyewe alipogeuka, na kurudi kwake kumelazimisha ukurasa upakuliwe tena kwa bando lilelile. Dawa yake ni ndogo na haihitaji simu mpya: ujumbe usomwe kwa kuvuta chini pazia la arifa, bila kutoka kwenye kivinjari, na kabla ya kuanza fomu programu nyingine zote zifungwe, hasa TikTok na Facebook. Maelezo marefu yaandikwe kwanza kwenye daftari la simu, kisha yanakiliwe kwenye fomu.

Kuna kivinjari kingine ambacho watu wengi hukitumia kila siku bila kujua kwamba ni kivinjari. Kiungo kinapofunguliwa ndani ya Facebook au Instagram, mara nyingi hakiendi Chrome wala Firefox. Hufunguka ndani ya programu hiyohiyo. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba programu hizo mbili, kwenye iPhone, huingiza msimbo wao kwenye kila ukurasa unaofunguliwa kwa njia hiyo, msimbo wenye uwezo wa kufuatilia anachokigusa mtumiaji. Kampuni ya Meta ilijibu kwamba msimbo huo unaheshimu chaguo la mtumiaji kuhusu kufuatiliwa. Lolote liwalo, ukurasa wowote unaodai neno la siri ufunguliwe kwenye kivinjari halisi, kwa kubofya vidoti vitatu na kuchagua kufungua nje.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa matangazo ya ajira yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yanayotumia majina ya wizara, bandari, au mashirika ya misaada. Kivinjari chochote kizuri humwonyesha msomaji anwani ya ukurasa, ila anwani hiyo isomwe vizuri, kuanzia mwishoni mwa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata. Anwani inayoishia na .go.tz ni ya taasisi ya serikali, kwa kuwa kikoa hicho hakiuzwi kwa mtu binafsi. Anwani yenye maneno ajira na tanzania mwanzoni lakini inayoishia na kitu kingine kabisa haina uhusiano na serikali hata kama nembo ya taifa imechorwa juu yake. Kwenye simu, ambako anwani ndefu hukatwa, inafaa kuigusa na kuivuta mpaka mwisho.

Wenye iPhone wana mjadala mfupi. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, Apple hutaka kila kivinjari cha iPhone kitumie injini yake ya WebKit, kwa hiyo Chrome au Firefox humo ni Safari iliyovaa nguo nyingine. Safari yenyewe ni nyepesi kwa betri na inatosha, na kizuia matangazo kinawekwa kutoka App Store. Wenye Samsung wana Samsung Internet, ambayo watu huipuuza bure: ni nzuri, na inakubali vizuia matangazo.

Opera pia hujitangaza kwa VPN iliyomo ndani yake, njia ya kuficha mtumiaji anaingia mtandaoni kutoka wapi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na makampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo. Anayeiwasha VPN hiyo ajue kwamba kuna kanuni inayoihusu.

Umri wa simu ni mpaka ambao hauna majadiliano. Mwishoni mwa 2023 Chrome iliacha kupeleka masasisho kwenye Android 7, na katikati ya 2025 ikaacha Android 8 na 9. Simu hizo hazizimiki siku hiyo; Chrome ya zamani inaendelea kufanya kazi, huku mianya inayogunduliwa ikibaki wazi. Toleo la Android linaonekana kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Mwenye simu iliyo chini ya Android 10 aitumie kwa kusoma na kupiga soga, na mambo ya benki ayafanye kwa njia ya menyu ya USSD au kwa kifaa kingine.

Na kifaa hicho kingine, kwa familia nyingi za Temeke na Kinondoni, ni kompyuta ya steshenari. Dirisha la maombi ya mikopo ya HESLB linapofunguliwa, foleni hufika barabarani. Mwombaji anajaza fomu mtandaoni, inachapishwa, inapelekwa serikali ya mtaa kwa sahihi na muhuri, inakwenda kwa wakili au hakimu, inarudi, inaskaniwa na kupakiwa. Katika safari hiyo steshenari moja hupokea vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na maneno ya siri ya vijana wengi kwa siku moja. Mtu mpya anapoandika herufi ya kwanza ya barua pepe yake, Chrome inamshushia orodha ya barua pepe za waliomtangulia. Wakati mwingine neno la siri nalo hujijaza.

Baadhi ya kompyuta hizo bado zina Windows 7. Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8, lakini Mozilla iliendelea kupeleka masasisho ya usalama kwa Windows hizo kupitia Firefox 115 ESR, na iliongeza muda huo zaidi ya mara moja. Kwa mashine ya namna hiyo, Firefox 115 ni afadhali kuliko Chrome iliyokufa, ingawa mwenye duka ahesabu kwamba siku zake nazo zina mwisho. Kwenye Windows 10 na 11, Edge, ambayo tangu Januari 2020 imejengwa juu ya msingi wa Chrome, ni nafuu kwa RAM ya GB 4 kwa sababu huvilaza vichupo visivyotumika. Mwenye duka anaweza kuiacha Chrome na kuitumia hiyo bila wateja kuona tofauti yoyote kwenye fomu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azilinde, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Steshenari ndogo inaweza kuanza na mpangilio mmoja. Chrome ina hali ya mgeni, inayofunguliwa kwa kubofya picha ya wasifu juu kulia: dirisha lake halioni barua pepe wala maneno ya siri yaliyohifadhiwa, na likifungwa linafuta historia na vidakuzi vya aliyekuwa anatumia. Edge nayo ina hali hiyo. Kwenye Firefox, sehemu ya faragha katika mipangilio, kuna kisanduku cha kufuta vidakuzi na data za tovuti kila kivinjari kinapofungwa, na kingine cha kuzuia kisiulize kuhifadhi maneno ya siri. Faili zilizopakuliwa hazifutiki kwa njia hizo. Skani za vyeti hubaki kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye eneo-kazi mpaka mtu azifute kwa mkono na kulimwaga pipa la taka. Mteja asiyeona dirisha la mgeni likifunguliwa aliombe, na kabla ya kulipia aombe pia faili zake zifutwe akiwa bado amesimama hapo.